Hasi tano toa hasi tatu

Likizo ya Desemba iliyopita mpwa wangu, aliyekuwa amemaliza darasa la sita, alikuja kukaa nasi kwa wiki tatu, na siku ya pili tu aliniletea daftari lake la hisabati ili tupitie maswali aliyoyakosa. La kwanza lilikuwa −3 + −4, naye alikuwa ameandika 7. Nilipomuuliza amelipataje jibu hilo, alijibu bila kusita: "Mjomba, si hasi na hasi ni chanya?"

Sentensi hiyo nimeisikia kwa watoto wengi, na hata kwa watu wazima waliosahau mengine yote ya shuleni. Kanuni yenyewe ni sahihi, ila mahali pake ni kwenye kuzidisha na kugawanya. Mtoto anayeikariri kabla ya kuelewa namba hasi ni kitu gani huibeba kila aendako, na ndiyo maana madeni mawili yakikutana kwenye daftari lake hugeuka kuwa utajiri. Nilimuuliza: ukidaiwa shilingi elfu tatu kwa Mangi wa dukani, kisha ukakopa elfu nne nyingine, Mangi atakupa elfu saba? Alicheka, akafuta 7, akaandika −7.

Swali la pili lilikuwa −5 − −3. Safari hii nilimwomba kwanza alisome kwa sauti, naye akasoma: "Toa tano toa toa tatu." Hapo ndipo nilipoona chanzo cha matatizo yake mengi. Mstari ule mfupi hufanya kazi mbili zisizofanana: mara ni sehemu ya jina la namba, ukieleza kwamba namba hiyo iko chini ya sifuri, na mara ni amri ya kufanya kitendo. Katika maandishi kazi hizo mbili zinafanana kabisa, lakini Kiswahili kimetupatia neno kwa kila moja, hasi kwa jina na toa kwa kitendo, kama vile tulivyo na chanya na jumlisha. Kwa hiyo swali husomwa "hasi tano toa hasi tatu", na mtoto akizoea kulisoma hivyo, nusu ya kazi imekwisha kabla hajashika penseli. Ninaamini kwa dhati kwamba zoezi hili la kusoma kwa sauti linastahili muda mwingi zaidi kuliko linavyopewa.

Kisha tukachukua maharage jikoni. Tulikubaliana kwamba harage jeupe ni chanya moja, harage jekundu ni hasi moja, na kwamba jeupe moja likikaa na jekundu moja hufutana, yaani jozi hiyo ni sifuri. Kwa hasi tano toa hasi tatu, alipanga mekundu matano mezani, akaondoa matatu, yakabaki mawili: −2. Hakuhitaji kanuni yoyote. Ugumu ulikuja kwenye 2 − −3, kwa sababu mezani palikuwa na meupe mawili tu. Aliyatazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Sasa Mjomba, nitatoaje mekundu matatu na hapa hakuna hata moja?"

Hilo ndilo swali ambalo mwalimu anapaswa kulingoja kwa hamu. Nilimwambia aongeze sifuri. Aliweka jozi tatu, kila moja ikiwa na jeupe na jekundu, na tukahakikisha pamoja kwamba thamani ya kilichopo mezani bado ni 2, ingawa sasa kulikuwa na meupe matano na mekundu matatu. Alipoondoa yale mekundu matatu, yalibaki meupe matano. Aliona mwenyewe kwamba kutoa hasi tatu kumemwachia jibu lilelile ambalo angelipata kwa kujumlisha tatu, kama vile mtu aliyefutiwa deni anavyoongezeka uwezo bila kupewa hata senti mkononi.

Njia hii si ngeni. Liu Hui, mwanahisabati wa China wa karne ya 3, alieleza matumizi ya vijiti vyekundu kwa namba chanya na vyeusi kwa namba hasi. Brahmagupta wa India, katika kitabu alichokiandika mwaka 628, aliziita namba hizi mali na deni, akaeleza kwamba deni likitolewa kwenye sifuri huwa mali.

Mstari wa namba tuliutumia pia, na kwa kujumlisha hufaa sana, lakini kwa kutoa namba hasi naona maelekezo ya kugeuka na kurudi kinyumenyume huishia kukaririwa kama kanuni nyingine tu. Faida yake huonekana zaidi mstari unaposimamishwa wima na kupewa vitu halisi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kirefu kabisa ni takriban mita 1,470. Kwa hiyo sakafu yake iko kwenye 773 − 1,470, yaani hasi 697. Kilele cha Kilimanjaro kiko kwenye mita 5,895. Nilimuuliza tofauti ya kimo kati ya kilele hicho na sakafu ya ziwa ni kiasi gani.

Aliandika 5,895 − −697, akasoma polepole, "elfu tano mia nane tisini na tano, toa hasi mia sita tisini na saba", na kabla ya kukokotoa akasema kwamba jibu lazima lizidi 5,895, kwa sababu mtu atashuka kwanza mpaka usawa wa bahari, kisha ataendelea kushuka. Ndipo akajumlisha, akapata 6,592.