Gitaa limekaa uchi wiki tatu

Wiki ya tatu hii gitaa langu liko uchi. Mbao tupu, halina hata tone la kitu juu yake, na kila jioni nalishusha kwenye msumari, nalipapasa mgongo, nalisogeza dirishani nilitazame kwenye mwanga halafu nalirudisha palepale, kama mtu anayefungua friji kila saa na wala hana njaa.

Kazi ngumu zote zimeshapita jamani. Mbavu nimezikunja kwa bomba la moto, mbili zikapasuka, za baadae zikakubali, uso na mgongo nimebandika, shingo nimeichonga kwa patasi na tupa mpaka viganja vikaota sugu, freti, vile vyuma vyembamba vya shingoni, nimegonga, na kote huko sikuogopa kiasi hiki. Nimekuja kukwama kwenye swali ambalo ukiliuliza mtu wa kawaida anakucheka: sasa juu napaka nini?

Woga wangu una historia. Kabla ya hili nilitengeneza ukulele, kagitaa kadogo ka nyuzi nne, kajaribio tu, nikasikia mafuta ya kitani ndo mpango, mbao inapendeza, huhitaji mashine wala nini, kitambaa chako tu na mkono wako. Nikanunua nikapaka kwa roho safi kabisa, tena nikamwaga mengi nikijua mbao itakunywa. Kumbe kuna mabichi na kuna yaliyochemshwa na mimi nilichukua mabichi, ambayo yanakauka kwa wiki na wiki, na hata hayo "yaliyochemshwa" ya siku hizi mengi wala hayajaona moto, yametiwa tu dawa ya madini ya kuharakisha kukauka. Ukulele ulinata mwezi mzima. Vumbi likaganda, nyuzi za nguo zikaganda, kuna unywele wa paka umezama pale karibu na tundu la sauti na mpaka leo umo humohumo.

Na hiyo haikuwa mbaya zaidi. Dawa ya kufuta yale yanayonata niliyopewa ni kupaka tena kidogo mafuta yaliyochemshwa na kusugua, basi nikafanya hivyo, nikamaliza, vitambaa nikavikunja nikavitupa kwenye ndoo pamoja, na baada ya muda nikawa natafuta kitu humo nikashika kile cha katikati, kina joto, yani joto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi sasa hivi. Mafuta yale yakikauka yanavuta oksijeni na yanatoa joto, kitambaa kikiwa kimekunjwa joto halina pa kwenda, linajijaza mpaka kinawaka chenyewe bila kiberiti. Nilivitoa nje mbio nikavilowesha maji. Tangu siku hiyo kitambaa chenye mafuta nakitandaza nje kimoja kimoja mpaka kikakamae, sina utani na hilo.

Kwa hiyo safari hii nikasema sibahatishi.

Sprei niliitoa mapema. Vanishi ya nitro, ndo inayopulizwa hiyo, iliingia kwenye magari miaka ya 1920 na viwanda vya magitaa vikaidaka, inakauka haraka na inang'aa vizuri sana, ila inataka kompresa, inataka chumba chenye hewa, barakoa ya maana, na mvuke wake unalipuka. Mimi nafanyia kazi kwenye kachumba ambako pia nalala. Hapana. Nta peke yake nayo nikaitoa, inanukia vizuri na mkono unaipenda lakini haizuii kitu, jasho linapita.

Halafu kuna haya mambo ya sauti. Hapa watu wanagombana sana na wengine wanaongea kama washirikina, ati mafuta fulani yanafungua mbao, ati vanishi fulani ina siri. Ninachokielewa mimi ni kidogo tu: uso wa gitaa ni ubao mwembamba, wangu una milimita 2 na pointi kidogo, ukiuvalisha koti zito umeongeza uzito na umeupunguzia mtikisiko, basi paka nyembamba uwezavyo. Habari ya siri hata fidla za Stradivari, yule fundi wa zamani wa Italia, ziliandikiwa hadithi miaka na miaka, damu ya dragoni sijui nini, halafu mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa na wenzao wakatoa majibu ya kuchunguza vyombo vyake vitano, wakakuta mafuta yanayokauka ya aina walizotumia wachoraji wa enzi zile, na juu yake mafuta hayohayo na utomvu wa misonobari, vingine na rangi nyekundu kidogo. Basi. Mzee alikuwa na mkono mzuri.

Nilimpigia mjomba. Yeye ni seremala wa zamani, samani za watu amezing'arisha miaka na miaka kwa kitambaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, limeimba?"

Nikamwambia halijaimba, hata halijavaa. Nikamweleza yote, mafuta, vanishi ya kupaka kwa kitambaa, shelaki, nikataka anichagulie nilale. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali moja tu, "We ukikosea, ipi itakuruhusu urudi nyuma?"

Nikanyamaza. Mi nilikuwa nauliza ipi nzuri, ipi inang'aa, ipi ngumu. Kukosea nilikuwa napanga nisikosee!

Vile vipande vilivyobaki nilipokata mbao nilikuwa nimevitunza, sprusi ya usoni (mti wa jamii ya msonobari) na mkangazi wa mgongoni, na hili nasema kwa anayetengeneza la kwanza, usivitupe, maana mbao nyingine hata ya jina hilohilo haikupi jibu sahihi. Nikavipiga msasa kama gitaa lenyewe, namba 150, 220, nikapangusa na kitambaa chenye maji kidogo vinyweleo vya mbao visimame, vikakauka, nikamalizia na 320. Nyuma nikaandika kwa penseli.

Mafuta kwenye mkangazi, daah. Ule wekundu ulitoka utadhani mtu kawasha taa ndani. Kwenye sprusi ikawa kesi nyingine, yalizama huku mengi na huku kidogo, likabaki libaka la njano kama karatasi iliyomwagikiwa. Ile vanishi ya kupaka kwa kitambaa, ya poliurethani, ilikuwa rahisi kuliko zote, makoti matatu na umemaliza, ngumu, maji hayaigusi, na kwa kweli ningekuwa natengeneza meza nisingeangalia nyingine. Ila ikikwaruzwa koti jipya haliyeyuki likaingia kwenye la zamani, linakaa juu yake tu, na mpaka wake unauona.

Shelaki ndo ilinitesa. Ni utomvu wa mdudu ujue, kadudu kadogo sana kanakaa kwenye matawi ya miti huko India na Thailand, kanajitengenezea ganda, watu wanalikwangua wanalisafisha linakuwa magamba membamba ya rangi ya asali, hata vidonge vya hospitali vingine vinang'arishwa nayo. Unayayeyusha kwenye spiriti. Halafu unatengeneza kidonge cha pamba, unakifunga ndani ya kitambaa laini cha zamani kisichotoa nyuzi, unakilowesha kiasi, tone moja la mafuta chini ili kiteleze, na unapita. Unapita, hausimami. Unaingia kama ndege inayotua na unatoka kama inayopaa, mduara, mduara, nane, nane, koti moja halionekani kwa macho, unajenga mamia ya mapito kwa siku nyingi.

Mimi nilisimama. Simu iliita, mkono ukatulia sekunde moja tu, kitambaa kikashika, nilipokivuta kikaacha alama ya kufuma palepale katikati, mistari midogo midogo kama mtu kalalia mkeka. Nikasikia joto la hasira masikioni. Nikaacha hadi asubuhi ikakauka, nikachukua kitambaa chenye spiriti kidogo nikapita juu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile alama ikawa inalegea mbele ya macho yangu, inajaa, inatoweka, mpaka nikawa nageuza kipande kwenye mwanga natafuta ilikuwa wapi. Koti jipya linayeyuka na kuingia ndani ya lile la chini, ndo maana. Haina makoti, ni koti moja linalonenepa.

Nilikaa pale chini na kile kipande nikakumbuka swali la mjomba.

Ubaya wake naujua, sijafichwa. Pombe ikimwagikia imekwisha, joto inaliogopa, jasho la kiganja likiwa linakaa palepale kila siku linailainisha. Kwa hiyo uso, mgongo na mbavu shelaki, shingo inapata mafuta ya kitani yaliyochemshwa (YALIYOCHEMSHWA, nimesoma kopo mara mbili), membamba, unapaka unafuta yote, kesho tena, maana shingo inayong'aa sana gumba linakwama na mi napenda iteleze. Ubao wa vidole ni mpingo, huo nauacha ulivyo, mzito na una mafuta yake. Uso wa sprusi hauna vitundu vya kujaza, lakini mkangazi unavyo wazi, huo nitaujaza kwa unga wa pumisi, lilelile jiwe la kusugulia miguu likiwa limesagwa, linasuguliwa kwa kidonge na spiriti mpaka lichanganyike na vumbi la mbao yenyewe. Hapo ndo naogopa kidogo.

Leo sasa ndo nikasema naanza. Nikapangusa gitaa lote kwa spiriti kuangalia litakavyokuwa, na kabla haijakauka nikaliona, karibu na kiungo cha shingo, doa jeupe la ukubwa wa ukucha. Gundi. Nilifuta kwa kidole siku ile nikadhani imetoka, kumbe niliisambaza, na pale ilipoziba mbao hainywi kitu, ingekaa chini ya shelaki milele kama jicho la samaki. Mbao ikiwa kavu huioni kabisa. Nimeikwangua kwa wembe nikifuata mwelekeo wa mbao, nikalowesha, bado, nikakwangua tena, ikaisha. Nikaanza kutafuta nyingine nikapata mbili zaidi ubavuni na moja chini karibu na kisigino cha shingo. Ni ile ya kisigino iliyonichosha, wembe haufiki vizuri, nimetumia kipande cha kioo kilichovunjika.

Pale litakapokaa daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, nimebandika tepu, gundi ya daraja inataka mbao tupu, ukipaka hapo siku moja daraja litang'oka na nyuzi zake. Nikakata tepu ndogo kidogo kuliko daraja lenyewe, pande zote, ili ukingo usionekane.

Kidonge kitashika kazi kesho, maana leo mikono imechoka na mkono uliochoka unasimama. Ila magamba nimeshayapima, gramu 50 kwenye mililita 250 za spiriti isiyo na maji mengi, na kwenye mfuniko nimeandika tarehe kwa kuwa ikishayeyuka inazeeka, miezi 6 ikipita siiamini tena, lazima nidondoshee kwenye kioo nione kama inakauka ngumu au inabaki inanata. Na kunata nimeshakuonja. Chini ya kopo bado kuna tope la magamba ambayo hayajayeyuka, nimelitikisa mara nne tangu nianze kuandika hapa.