Mteja wa Nani?

Mwaka 2017, msimu wa karafuu ulipopamba moto, nilivuka kwenda Pemba kujaribu mpango wa mawakala wa programu yetu ya hesabu za duka. Programu yenyewe ilikuwa nyepesi. Mwenye duka anaingiza kwenye simu mali aliyonayo, mauzo na madeni, na siku ya kudai inamtolea orodha: nani, kiasi gani, tangu lini. Ada yake shilingi 20,000 kwa mwezi. Nilichagua msimu ule kwa makusudi, maana Pemba watu wengi hukopa unga, mchele na mafuta miezi ya dhiki, wakalipa pale majamvi yanapoanuliwa na karafuu zikafika kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Mwenye duka ambaye hesabu zake zimevurugika wiki hizo, fedha zake humpita mbele ya macho.

Fedha za matangazo hatukuwa nazo. Tulichoweza kutoa ni ujira baada ya kazi: anayetuletea mteja anapata asilimia 20 ya kila malipo ya mteja huyo kwa miezi 12, yaani shilingi 4,000 kila mwezi, na zote zikifika ni 48,000. Kuna walionishauri nitoe mkupuo mmoja, yaishe. Nilikataa, na ningekataa hata leo. Aliyelipwa kwa mkupuo ana sababu gani ya kurudi dukani mwezi wa tatu, mteja anapokwama kufunga hesabu? Anayekula kila mwezi atarudi.

Mwenzangu wa Unguja, ambaye ndiye fundi, alitengeneza viungo kwa mtindo unaotumika dunia nzima, ule ule wa mpango ambao Amazon, duka la mtandaoni, waliuanza mwaka 1996. Kila wakala ana kiungo chenye namba yake. Mteja akikibonyeza, simu inahifadhi kuki, alama ndogo ya kumbukumbu, na akilipa kabla ya siku 30 mfumo unajua nani kamleta. Kuki alizibuni Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya programu ya kufungulia tovuti, mwaka 1994, na kwa mtu aliye peke yake mbele ya kompyuta yake, anayebonyeza na kununua hapo hapo, zinafanya kazi vizuri hasa. Amazon kwa kawaida huwapa mawakala wao saa 24 tu. Sisi tuliweka siku 30. Nilitaka kuona zitafanyaje kazi Chake Chake kabla hatujawafungulia watu wote.

Jibu lilikuja kwenye baraza la duka moja la jumla, baada ya sala ya alasiri. Waliokuwapo ni mwenye duka, mzee mmoja mpole. Kijana fundi wa simu. Na mhasibu anayewatengenezea wafanyabiashara hesabu za kodi. Mzee alikuwa ameshalipa mwezi wa kwanza kwa Ezy Pesa. Mfumo ulionyesha kwamba hakuletwa na mtu.

"Huyu ni wangu," alisema fundi wa simu. "Kiungo nilimpelekea mimi kwa WhatsApp."

Kweli alimpelekea, lakini kilibonyezwa kwenye simu ya mtoto wa mzee, na kuki ikabaki humo.

Mhasibu hakupandisha sauti. "Mimi nilikaa naye hapa jioni kwa jioni, nikamwingizia madeni yote ya daftari. Kiungo sikumpa, kwa sababu nilikuwa naye ana kwa ana."

Nilishusha kikombe cha kahawa. Kila mmoja alikuwa mkweli, na mfumo haukuwa na la kusema. Habari ya programu ilipita kwa mtoto, ikapita msikitini, ikaja kukaa barazani, na malipo yakatoka kwenye simu ambayo haikuwahi kukiona kiungo chochote. Kuongeza siku za kuki kusingesaidia kitu.

"Mwanangu," mzee aliniambia, "mbona huniulizi mimi?"

Nikamwuliza, mbele yao wote. "Ami, nani alikuleta?"

"Kijana huyu alinipa habari, Mungu amjaze kheri. Lakini fedha yangu niliitoa kwa sababu ya bwana huyu."

Nikampa mhasibu ujira wote. Fundi wa simu alikubali, kwa kuwa alilisikia kwa masikio yake, ila hakuninyamazia. "Yakhe, ukienda na mtindo huu, kila mteja atamtaja shemeji yake. Na mimi ninayetembea juani nitashikwa wapi?"

Hoja yake ilikuwa nzito kuliko yote niliyosikia siku ile. Haki ya dalali lazima ijulikane kabla ya kazi. Kiwango tulishakitaja, lakini hatukusema nani hasa anakistahiki. Tukakaa hapo hapo mpaka magharibi ikakaribia, tukapanga. Viungo vibaki kwa wanaovitaka. Ila wakala akizungumza na mwenye duka, atume namba ya simu ya duka hilo kwetu, naye apewe siku 30 za kulifuatilia. Malipo yakiingia kutoka namba hiyo, mfumo umtambue yeye bila kuki. Siku zikipita kimya, namba iwe huru. Mteja kabla ya kulipa mara ya kwanza aulizwe nani kamleta, na wakigongana mawakala wawili, neno lake ndilo linalokata. Na mtu asijilete mwenyewe kwa namba ya mkewe. Hilo la mwisho alilitaka mhasibu, nami nikaliandika bila kuuliza kwa nini.

Nilimpigia mwenzangu usiku ule. Alilalamika kwamba kazi yake ya wiki nzima inawekwa kando, kisha akaniuliza namba zitumwe kwa ujumbe wa kawaida au kwa WhatsApp. Nikajua ameshaanza kuandika.

Kesho yake asubuhi, kabla sijanywa chai, simu ikalia mfululizo. Fundi wa simu alikuwa ananitumia namba za maduka, mtaa baada ya mtaa, kutoka Machomane hadi Tibirinzi. Nikampigia kumwuliza kama kote huko ameshazungumza nao.

"Nitazungumza nao," alisema. "Kwani siku si 30?"

Tukaongeza sharti moja kabla ya adhuhuri: namba 10 kwa wakala mmoja kwa wakati mmoja.