Rubi za Mangare

Mjomba alisafiri usiku kucha kutoka Voi, rubi zake zimekunjwa kwenye karatasi na kutiwa ndani ya soksi. Mnunuzi mmoja alikuwa amemwambia kuwa rubi ya Mangare, machimbo ya kwetu Taita, haina jina sokoni, aiuze kwa bei ya kutupa. Mimi nilikuwa nasoma jiolojia pale Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, na kauli hiyo iliniuma. Nikampeleka kwa mama mmoja mtaalamu wa vito, katikati ya jiji la Nairobi.

Mama alivuta mapazia, akazima taa, akazimulika rubi kwa tochi ya miale ya urujuanimno. Zikawaka kama makaa yaliyopulizwa. Akatoa drooni rubi ya Montepuez, Msumbiji, kule ilikogunduliwa mwaka 2009, akaiweka kando ya zile za mjomba. Hiyo ikawaka kwa unyonge.

"Ni chuma, mzee," alimwambia mjomba. "Kromiamu ndiyo huipa rubi wekundu na mwako huu. Chuma kikizidi, mwako hufifia. Hii ya Msumbiji imetoka kwenye miamba yenye chuma kingi. Zako zina kidogo mno."

"Basi nimwonyeshe mnunuzi tu kwa hiyo tochi?"

"Haitoshi."

Rubi za Mogok, Myanmar, ambazo matajiri huzigombania, zilizaliwa ndani ya marumaru. Chuma chake nacho ni kidogo, nazo huwaka vilevile. Kuzitenganisha na za Mangare kunahitaji leza. Hutoboa ukingoni kishimo kisichozidi sana upana wa unywele, na vumbi lake huingia kwenye mashine inayozipambanua atomi kwa uzito. Vanadiamu, galiamu, titaniamu, magnesiamu, hata zikiwa sehemu chache tu katika milioni, hupimwa na kulinganishwa na za rubi ambazo mgodi wake unajulikana bila shaka.

Hapo ndipo niliposhtuka. Mashine haijui Taita iko wapi! Mtu asipokwenda shimoni akachukua jiwe kwa mkono wake na kuliandika, Mangare haitakuwemo kwenye kumbukumbu za maabara. Na hata ikiwemo, vipimo vya migodi miwili huweza kuingiliana; maabara adilifu husema wazi kuwa asili haikuthibitika.

Mjomba alisikiliza, akachagua rubi iliyokuwa bado imeshikana na kipande cha mwamba, akamwachia mama bure. Mama akaandika jina la mgodi na tarehe mbele yetu. Jioni mnunuzi alipopiga simu, mjomba alimtajia bei mpya, kisha akamweleza habari za chuma kituo kwa kituo.