Hodi tatu

Tangu Jumanne hadi leo Jumamosi kuna neno limenikaa kooni, na sikulitoa pale lilipotakiwa.

Nilishuka feri hapa Mombasa saa moja na robo asubuhi, nimechelewa vilevile (bosi mpya kaanza wiki hii, hayo yake siku nyingine). Pale steji, gari la Posta lililokuwa kwenye zamu halikuwa gari, ilikuwa sebule. Duka moja la fanicha limeivalisha nissan nzima: mapazia ya maua yenye marinda, zulia jekundu mpaka mlangoni, viti vimefunikwa vitambaa vya kufuma kama vya kochi la mama, na kila kiti na mto wake. Mikanda, ile tuliyoletewa na sheria za matatu za waziri Michuki za 2004, imezikwa chini ya vitambaa. Hakuna aliyeitafuta.

Abiria nao walikuwa kioja. Dada mmoja alivua viatu, wallahi, akavishika mkononi hadi mwisho wa safari. Kijana wa chuo akajipiga picha amekumbatia mto. Mama mwenye kikapu cha samaki alizuiwa na makanga, "Mama, zulia hilo!", akasonya, akaenda gari la nyuma.

Kisha akaja yule mzee. Kanzu, kofia ya vito, bakora. Akasimama mlangoni, akatazama mapazia, akatazama zulia, mguu akauacha chini.

"Hodi."

Tukacheka. Mimi pia nilicheka, niliyekuwa karibu kabisa na mlango.

"Hodi, wenyewe."

Kijana wa chuo akainua simu apate kumrekodi. Mimi nikavuta miguu kumpa nafasi, nikadhani hilo latosha.

"Hodi."

Safari hii hakucheka mtu. Alinitazama mimi, si mwengine. Makanga akapiga bodi: "Mzee, ingia basi, hili gari si nyumba!" Mzee akaitikia polepole, "Na haya mapazia?" Kisha akageuka, akasema kama anayemwambia mtu aliye nyuma yake, "Hawapo," akaenda kupanda lile gari la viti vilivyochanika, alikokwenda mama wa samaki.

Tulipofika Posta ndipo nikautazama mto niliokuwa nimeupakata njia nzima. Umetariziwa kwa uzi wa kijani: KARIBU.

Kazini nikamweleza yule wa dawati la pili, mnamjua, ajuaye kila kitu. Akasema si jambo jipya, IKEA walilivalisha treni hivyo hivyo huko Kobe, Japani, 2008, mapazia na viti, walipokuwa wafungua duka. Nikamwuliza kama huko kuna aliyepiga hodi. Akarudi kwenye kompyuta yake.

Alhamisi ndoa ya kaka ikasomwa, alhamdulillah, msikiti ukafurika, na mimi huku nakatakata vitunguu nauona mlango wa nissan. Angekuwa babangu je? Na ugumu ulikuwa nini? Kwetu hata anayeuza mabuyu hujibiwa.

Usiku nikamsimulia mama. Nilitaraji anikaripie. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Zote tatu?" Zote tatu, mama. Akaangua kicheko hadi akajifuta machozi kwa leso. "Basi kafanya la haki, asojibiwa hurudi. Na shukuru, mwanangu. Ungemkaribisha mzee kama yule angekaa pale akakuuliza chai i wapi." Akaendelea kucheka hata alipoingia chumbani, namsikia ukutani: "Hawapo!" Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne.

Jana nikalipanda tena gari lile. Watu wa Mombasa twazoea upesi. 2018 mji ulipopakwa nyeupe na buluu tulipiga kelele wiki mbili tatu, basi. Zulia limeshaondolewa kwa ajili ya tope. Pazia la upande wa dereva limefungwa fundo. Mto wangu una alama ya vidole vyekundu vya mabuyu, juu ya herufi K. Nilipokuwa naingia nikasema hodi, lakini kwa sauti ya chini, na aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma nisogee.

Friji imeanza tena ule mlio wake, na ndani mna kilo kumi na mbili za nyama ya biriani ya kesho. Fundi hashiki simu.