Mota ya pili si akiba: nilivyojenga B-25 ya foamu

Ndege zote ndogo za rimoti nilizojenga kabla ya hii zilikuwa na mota moja puani. Mota ikizimika angani unainamisha pua kidogo, ndege inaelea, unatafuta mahali pa kuishusha. Nilipoanza kuwaza ndege ya mabomu yenye injini mbili, niliichukulia mota ya pili kuwa akiba: hii ikifa, ile itanirudisha. Nilijenga ndege nzima kwa imani hiyo, na imani hiyo ndiyo iliyoivunja.

Nilichagua B-25 Mitchell ya Marekani. Macho yangu yalikuwa kwa Mosquito ya Uingereza, lakini ile ni ya mviringo kila ukiigeuza na mabawa yake yamechongoka sana kwenye ncha. Kwa mtu anayekata foamu bapa, hiyo ni kazi ya kuchonga mwanzo hadi mwisho. B-25 ina kiwiliwili cha sanduku. Mbavu zake zimenyooka, mgongo na tumbo vimepinda kidogo tu, na foamu ya milimita 5 iliyobanduliwa karatasi upande wa ndani inapinda kiasi hicho bila kugoma. Mkia wake una mapezi mawili yaliyosimama nyuma ya injini, kwa hiyo upepo wa propela unayapiga hata ndege ikiwa ingali inakimbia ardhini. Tena ni ndege iliyoruka kwenye njia fupi: tarehe 18 Aprili 1942, B-25 kumi na sita ziliondoka kwenye sitaha ya meli USS Hornet zikiwa na mabomu tumboni. Bawa lililoweza hayo, nikasema, litanivumilia na mimi.

Ndege halisi ina mita 20.6 kutoka ncha moja ya bawa hadi nyingine. Niligawa kwa 14 nikapata mita 1.47. Hapa kuna hesabu inayowaponyoka wengi wanaochora ndege yao ya kwanza: urefu ukigawanywa kwa 14, eneo la bawa linagawanywa kwa 196. Mita za mraba 57 za bawa halisi zikabaki 0.29. Kwenye bawa dogo namna hiyo kila gramu ina deni lake. Nilijiwekea kikomo cha gramu 1,400, mizani ikakaa mezani muda wote wa ujenzi. Ilipokamilika ilisoma 1,520. Zile 120 za ziada najua ziliko: gundi ya moto niliyoimimina kupita kiasi kwenye viungo, na koti la tatu la rangi ambalo halikuhitajika. Kwa uzito huo, mwendo ukishuka chini ya mita 9 hivi kwa sekunde, bawa linaachia hewa na ndege inaanguka. Namba hiyo niliiandika ukutani.

Bawa ndilo lililonichelewesha. Ukiitazama B-25 kutoka mbele, bawa linapanda kutoka kiwiliwilini hadi kwenye injini, kisha linalala karibu sawa na ardhi hadi ncha. Zile chache za kwanza kutoka kiwandani zilikuwa na bawa linalopanda moja kwa moja. Ndege ikawa haitulii kwenye mstari wake, wahandisi wakalaza sehemu ya nje. Ni umbo zuri mno, na kwa mjenzi wa foamu ni tabu, kwa sababu mkunjo upo mahali palepale ambapo mota inavuta na gurudumu linagonga. Nilianza na mirija miwili ya kaboni ya milimita 8, lakini mrija wa kaboni haukunjwi. Nikajaribu kuuunganisha kwa gundi na uzi kwenye mkunjo, nikaweka bawa juu ya viti viwili, nikabonyeza katikati kwa kiganja. Kiungo kililia, kisha kikaachia. Suluhisho lilikuwa kipande cha plaiwudi ya milimita 3 kilichokatwa kufuata pembe yenyewe ya mkunjo, kimoja kila upande, kinashika mrija wa ndani kwa sentimita 8 na wa nje kwa sentimita 8. Ubao huohuo ndio nilioufungia mguu wa gurudumu na kikalio cha mota. Gramu 22 kila upande, na sijazijutia.

Wakati wa kubandika ngozi ya juu ya bawa niliweka kijiti cha milimita 4 chini ya ukingo wa nyuma kwenye ncha, ili ncha ikauke ikiwa imesokoteka digrii 2 hivi, pua yake ikitazama chini kidogo. Bawa lililosokotwa hivyo linaanza kuachia hewa karibu na kiwiliwili kabla ya ncha, na eleroni za huko nje, vile vibamba vya ukingo wa nyuma vinavyoilaza ndege upande, zinabaki na kazi. Usiiruke hatua hii kwenye ndege yoyote ya aina hii.

Pua na maganda ya injini nilichonga kutoka foamu nzito ya kuzuia joto kwa kisu na msasa. Kioo cha pua ni chupa ya soda. Nilichonga umbo kwa mti, nikaliingiza ndani ya chupa, nikapuliza hewa ya moto hadi plastiki ikajikaza juu yake. Umbo la foamu halifai kwa kazi hiyo, linayeyuka kabla ya chupa kujikaza. Rangi nilitumia ya maji, kwa brashi na sponji, maana rangi nyingi za kupuliza hula foamu kama asidi.

Sasa mota. Nilifunga mbili za Kv 1000, yaani mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti, zenye propela za inchi 9, betri moja ya seli 3 yenye mAh 3000, na vidhibiti mwendo viwili vya ampea 30. Kila mota ilivuta gramu 800 hivi kwenye mizani, jumla ikizidi uzito wa ndege. Propela nilizifanya zizunguke kinyume, kila moja ikielekeza ncha yake ya juu upande wa kiwiliwili. Kwa mpangilio huo mapanga yanayoshuka, ambayo ndiyo yanayovuta zaidi ndege inapoinua pua, yako karibu na kiwiliwili. Mota za aina hii hugeuzwa mwelekeo kwa kubadilishana nyaya zozote mbili kati ya tatu, lakini propela lazima nayo iwe ya kinyume. Kisha nikazigeuza mota zitazame nje digrii 2 kila moja, ili moja ikibaki peke yake mvuto wake usiwe mbali sana na kitovu cha uzito.

Waya nilifanya hivi: vidhibiti mwendo vilikaa katikati ya bawa karibu na betri, nikarefusha zile nyaya tatu zinazokwenda kwenye mota. Ukirefusha za betri badala yake, umeme unaruka ndani yake na unachosha kapasita za kidhibiti, vile vihifadhi umeme vidogo vilivyomo ndani yake. Na kwa kuwa kila kidhibiti kina umeme wake wa kulisha risiva inayopokea amri za rimoti na sevo zinazosogeza eleroni na usukani, nilichomoa waya mwekundu wa kimoja visije vikashindana.

Kabla ya kuruka nilipima kila mota peke yake. Kijiti cha nguvu kikiwa nusu, ya kushoto ilivuta pungufu kwa zaidi ya ampea moja. Kumbe vidhibiti havikuwa vimefundishwa urefu wa kijiti kwa pamoja. Niliviunganisha vyote viwili, nikavifundisha juu na chini kwa wakati mmoja, na sauti za mota zikakutana. Ukizisikia zinakwenda sawa hutaisahau sauti hiyo. Zikitofautiana kidogo tu zinatoa mawimbi, wuu-wuu-wuu, na sikio linakuwa kipimo bora kuliko mita.

Siku ya kwanza iliruka kwa mita zisizozidi 20 za kukimbia. Nilikuwa nimeweka kitovu cha uzito kwenye robo ya upana wa bawa, nikahitaji kubonyeza vitufe vya kusawazisha mara mbili tu. Nilitetemeka hadi nilipotua. Safari nane zilifuata bila doa, nami nikazidi kuamini ile akiba yangu.

Safari ya tisa, dakika ya saba, nilikuwa kwenye kona ya kushoto ya kuingia kutua. Niliona niko chini kidogo, nikasukuma nguvu. Mota ya kushoto ikazimika. Pua ilifagiwa kushoto, bawa la kushoto likadondoka, nami nikafanya mambo mawili ambayo mikono yangu ilizoea: nikaongeza nguvu, nikalaza kijiti cha eleroni kulia. Yote mawili yalikuwa makosa. Nguvu zaidi kwenye mota moja iliyo hai zilizidisha kile kilichokuwa kinaizungusha ndege. Na eleroni ya kushoto iliposhuka ili kuinua bawa lililoanguka, ililiongezea pembe bawa ambalo tayari lilikuwa ukingoni mwa kuachia hewa, likaachia kabisa. Ndege ilijiviringisha mgongo chini na kugonga kutoka mita 10 hivi. Pua ilisagika, ganda la kushoto lilijitenga, foamu ya bawa la kulia ilipasuka nje kidogo ya mkunjo. Plaiwudi ilikuwa nzima.

Nilikaa siku kadhaa bila kuigusa. Kisha nikafunga mota na propela juu ya ubao, nikaweka betri iliyokaribia kuisha, nikasukuma kijiti na kungoja. Volti zilishuka, na mota ya kushoto ikakata ghafla. Ya kulia ilipunguza mwendo tu, ikaendelea kuzunguka. Kila kidhibiti kina mlinzi wake wa betri, na hawa walinzi wawili walikuwa na amri tofauti: mmoja aliambiwa azime, mwingine aliambiwa apunguze. Nilivinunua kwa nyakati tofauti, vikiwa na jina lilelile na umbo lilelile, sikuwahi kufungua mipangilio. Betri moja, mota mbili, na uamuzi mmoja muhimu kuliko yote nilikuwa nimeuachia kiwanda. Kwenye ndege ya mota moja kosa hilo lingenifanya nitue mapema, basi.

Nikaelewa hapo kwamba mota ya pili niliyoiita akiba ilikuwa imeongeza njia za kuanguka. Mota mbili ni salama pale tu zinapofanya jambo moja, na siku zikiachana rubani awe ameshajua afanye nini. Nilivipanga vidhibiti vyote vipunguze nguvu polepole, nikaweka kengele ya betri inayolia volti 3.5 kwa seli, na saa ya rimoti ikawa dakika 6.

Kisha nikajenga pua mpya na kuanza kujifunza upya. Kwenye rimoti niliteua swichi moja inayozima mota ya kushoto na nyingine ya kulia. Nilipanda juu sana, nikanyoosha ndege, nikazima moja. Mara ya kwanza moyo ulinipanda kooni. Mazoezi yalikuwa yaleyale kila siku: nguvu chini mara moja, pua chini, usukani wa mkia upande wa mota iliyo hai, na eleroni kwa kiasi kidogo tu. Mwendo ukirudi, ndipo unaongeza nguvu taratibu, usukani ukiongezeka nayo. Niligundua kwamba kwa theluthi mbili za nguvu ya mota moja ndege yangu inashika kimo chake, na kwamba kile kipezi kilicho nyuma ya mota hai ndicho kinachoniokoa. Kona nilipiga kuelekea mota hai peke yake, hadi nilipozoea. Baada ya betri 15 hivi mikono iliacha kubishana na kichwa.

Wiki chache zilizopita nilikuwa nikipita chini mbele ya uwanja nikasikia mlio wa mota ya kulia ukipanda na kuwa kilio chembamba, na kitu cheusi kikaruka pembeni ya bawa. Propela. Vidole vilikuwa vimeshateremsha nguvu kabla sijaelewa ni nini. Nilishusha pua, nikalaza usukani kushoto, nikaiacha ipate mwendo, nikarudisha nguvu nusu na kuizungusha kwa kona pana ya kushoto. Ilitua kwenye magurudumu yake matatu, ikakimbia ikienda upande kidogo, ikasimama.

Propela tuliipata kwenye majani, nzima. Nati haikuonekana, na nilijua kwa nini. Mota ya kulia ndiyo inayozunguka kinyume, na nati ya kawaida kwenye mota ya namna hiyo hufunguliwa na propela yenyewe, kidogo kidogo, kila unapoongeza nguvu. Jioni hiyo niliweka nati yenye pete ya nailoni kila upande, na kesho yake ndege ikaruka tena.