Mpira na uhasibu: nilivyosoma nikichezea timu ya chuo Malindi

Nilisomea uhasibu hapa Malindi huku nikicheza beki wa kushoto wa timu ya chuo. Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza huniuliza nilikuwa nasoma saa ngapi. Kabla ya mazoezi, basi. Baada ya mazoezi mimi si mwanafunzi tena. Nikishaoga, nikajipaka dawa ya misuli na kula viazi karai vya pale nje ya geti, mizania naiangalia na siioni. Tarakimu zote zinafanana. Kwa hiyo vipindi vikiisha saa nane, hosteli sirudi. Nabaki darasani chini ya pangaboi, napiga maswali hadi saa kumi, ndipo navaa njumu.

Kule Marekani, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, humwekea mchezaji wa chuo wa daraja la kwanza kikomo cha saa 20 za mpira kwa wiki wakati wa msimu. Kwetu kikomo unajiwekea mwenyewe. Ratiba ya mitihani ilipobandikwa tu, nilimpelekea kocha. Akaipiga picha kwa simu, akaguna: "Kijana, beki wa kushoto ninaye wewe tu." Hata hivyo wiki ile alinisamehe mazoezi. Makocha wengi hawana ubaya, ila hawajui una mtihani lini.

Tukienda kucheza Mombasa, nilijirekodi nikisoma notisi, nikajisikiliza njiani. Wenzangu walinicheka hadi Mtwapa. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yalisogea karibu na magharibi, na baada ya tarawehe macho hayafunguki, kwa hiyo kitabu kilingoja daku.

Lakini kilichowamaliza wengi si timu ya chuo, ni ndondo, zile mechi za mtaani. Ijumaa usiku simu inalia: "Ndugu yangu, kesho njoo Alaskan utusaidie, nauli ipo." Nauli ipo kweli, na mwanafunzi hana kitu mfukoni. Mechi ni dakika 90, ila kuna kumngoja refa, kuna kubishania penalti, kuna soga za baadaye, na Jumamosi imekwisha. Mimi nilikubali ndondo za mwanzo wa muhula tu. Mitihani ikikaribia, simu nilimpa mwenzangu wa chumbani, ambaye mpira wala hautazami. Kila aliyepiga alijibiwa hivi: "Yuko Mpeketoni kwa shangazi yake, huko mtandao shida."