Nyumba kuukuu: kwa nini rangi niliiweka mwisho

Mtu akihamia nyumba ya zamani, mkono wa kwanza humwenda kwenye kopo la rangi. Mimi rangi niliiweka mwisho kabisa, kwa sababu inafunika alama zote zinazoonyesha nyumba inaumwa wapi: doa la maji darini, unga wa bungua chini ya fremu, ufa uliozibwa mara tatu kwa saruji za rangi tofauti. Nilianza kwa kujua namna ya kuzima maji na umeme. Kisha nikafuatilia maji yanapoingilia na yanapotokea, nikaenda kwenye mbao, na urembo ukasubiri. Maboksi yanaweza kukaa bila kufunguliwa wiki moja zaidi.

Kabla ya hayo yote kuna vitasa, kwa kuwa hujui funguo za mlango wa mbele zimechongwa nakala ngapi. Si lazima kubadili kitasa kizima. Kama ni cha silinda, fungua skrubu moja ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, usawa wa tundu la ufunguo, kisha ingiza ufunguo, uzungushe kidogo na uvute silinda itoke. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu kwenda kila upande, maana pande mbili mara nyingi hazilingani. Silinda mpya isichomoze nje ya bamba zaidi ya milimita 3. Ikichomoza, mtu mwenye koleo anaivunja bila shida. Kitasa kinachokwama kitie unga wa penseli, si mafuta. Mafuta hulainisha leo na kukusanya vumbi kesho.

Kwenye maji, tafuta koki kuu na uhakikishe inafunga kweli. Koki za zamani za gurudumu zinaweza kukaa miaka bila kuguswa, na ukizilazimisha shina linakatika, ukabaki na gurudumu mkononi na maji yanabubujika. Paka mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina, acha usiku mmoja, kisha zungusha robo mbele, robo nyuma, hadi ilegee. Ukiifungua hadi mwisho, irudishe robo mzunguko ili isigande tena. Ikivuja kwenye shina, kaza nati ndogo inayozunguka shina kwa sehemu ya nane tu ya mzunguko. Kwa kawaida hutosha. Ikiwa haifungi kabisa, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya fundi bomba, kabla ya bomba jipya la jikoni. Mwambie aweke koki ya mkono mmoja inayofunga kwa robo mzunguko.

Kisha funga mabomba yote ndani, andika namba za mita pamoja na zile nyekundu, na usitumie maji kwa saa mbili. Mita ikisogea kuna mvujo. Rudia jaribio hilo koki kuu ya nyumba ikiwa imefungwa: ikiendelea kusogea, mvujo uko ardhini kati ya mita na nyumba, ikisimama, uko ndani. Kabla ya kuvunja sakafu kagua choo, maana ndicho mwizi wa kawaida. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usivute, subiri dakika 30. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini ya tangi umechoka.

Nguvu ya maji ipime kwa ndoo ya lita 10 na saa. Bomba la bafuni likiijaza kwa dakika moja au chini ya hapo, sina ugomvi nalo. Bomba moja tu likiwa dhaifu, fungua kichujio kilicho mdomoni mwake ukiloweke kwenye siki. Yakiwa dhaifu yote, na maji ya alfajiri yanatoka na rangi ya chai kisha yanasafika, shuku mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Sumaku huyashika, na ukiyakwangua yana rangi ya kijivu. Huoza kwa ndani, kutu ikajazana hadi tundu likabaki upana wa penseli. Hapa kubadili kipande kimoja ni kujitafutia balaa: ukikaza upande huu kwa spana, nyuzi zilizooza hukatika kwenye kiungo cha mbele. Tena usiunganishe shaba na chuma hicho moja kwa moja, kwa sababu chuma kitaliwa haraka kwenye maungio. Badili mstari mzima, kuanzia mita hadi jikoni, hata kama itakubidi kusubiri.

Umeme una kazi unazoweza kufanya mwenyewe na kazi za fundi mwenye leseni. Ya kwako ni ramani. Washa taa zote, chomeka taa ndogo kwenye kila soketi, kisha zima breka moja moja uandike kilichozimika. Utashangaa jinsi soketi ya chumba cha mwisho inavyoweza kushirikiana na taa ya nje. Kwenye bodi ya umeme tafuta kifaa cha kukata umeme unapovuja, chenye kitufe kilichoandikwa T na maandishi ya miliampea 30. Bonyeza: kisipokata papo hapo, kibadilishwe. Jua pia kwamba kitufe hicho hupima kifaa chenyewe tu. Hakisemi lolote kuhusu waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi.

Na ethi ndipo nyumba za zamani zinapodanganya. Soketi yenye matundu matatu si ushahidi kwamba nyuma yake kuna waya tatu. Fundi mvivu hubandika soketi mpya kwenye nyaya mbili za zamani, kisha huunganisha tundu la ethi na nyutro (waya unaorudisha umeme) kwa kipande kifupi ndani ya soketi. Kile kipimo kidogo cha taa tatu kinachochomekwa kwenye soketi kitakuambia kuwa ni salama, kumbe si salama. Nyutro ikikatika, mwili wa friji unakuwa na umeme. Hakuna namna ya kuligundua hilo ila kuzima meni swichi, kuhakikisha kwa testa kuwa hakuna umeme (ijaribu kwanza kwenye umeme unaojua upo, kisha pale, kisha urudi ulikoanza), na kufungua soketi. Ukiwa hapo angalia ganda la waya. Likiwa la mpira mweusi na linamegeka ukilikunja, usilikunje tena. Funga soketi, muite fundi. Soketi yenye doa la kahawia mara nyingi imeungua kwa sababu ya skrubu iliyolegea, si kwa uzee tu. Na breka inayokatakata usiibadilishe na kubwa zaidi: nyaya za soketi kwa kawaida ni milimita za mraba 2.5 na za taa ni 1.5, na breka ipo kulinda waya huo, si kukufurahisha wewe.

Sasa unyevu, ambao ndio hunila muda kuliko yote. Ukuta ukiwa na ukungu au rangi inayobanduka, kuna vyanzo vitatu na kila kimoja kina dawa yake. Ukikosea chanzo, fedha imekwenda. Bandika kipande cha plastiki cha ukubwa wa karatasi ya kawaida ukutani, ziba kingo zote kwa utepe, acha saa 48. Umande ukiwa upande wa chumba, ni hewa ya ndani yenye mvuke wa mapishi na kuoga. Fungua madirisha, weka feni ya kutoa hewa, sogeza kabati sentimita 5 kutoka ukuta wa nje. Umande ukiwa nyuma ya plastiki, maji yako ndani ya ukuta.

Hapo angalia kimo. Unyevu unaopanda kutoka ardhini ni nadra kuvuka mita moja, na huacha mstari wa chumvi nyeupe. Ukiwa juu zaidi, au ni doa lenye umbo la wingu, tafuta bomba au paa. Kwa ule wa chini, toka nje kwanza na koleo la kuchotea udongo. Mara nyingi bustani au njia ya saruji imepandishwa mwaka hadi mwaka hadi ikapita usawa wa sakafu. Shusha udongo ubaki angalau sentimita 15 chini ya sakafu, elekeza maji mbali na ukuta, kisha subiri. Ukuta mnene hukauka kwa miezi, si kwa siku. Kosa ninaloliona kila mahali ni kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa ili kuzuia unyevu. Saruji haipumui kama chokaa. Maji yanafungiwa, yanapanda juu ya plasta mpya, na mwaka ujao doa liko kifuani badala ya magotini. Ukuta wa chokaa urudishie chokaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga. Chumvi isugue kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani.

Kwa paa, usiamini doa la darini. Maji huingia kwenye tundu la msumari, hutambaa juu ya mbao, na kudondoka mbali na yalipoingilia. Panda darini mchana, zima tochi, subiri macho yazoee: kila nuru ndogo ni tundu. Lisipoonekana, mtu mmoja akae darini na mwingine amwagilie paa kwa mpira wa maji, akianzia chini, dakika 10 kila sehemu, kisha apande. Ukianzia juu maji hushuka kila mahali na hutajua lolote. Kwenye mabati ya mawimbi, misumari iliyolegea itoe uweke skrubu nene kidogo zenye washa ya mpira, kwenye mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni. Gata iwe na mteremko wa kama milimita 6 kila mita 3. Lakini kama paa au dari ni la asbesto, usitoboe, usikate, usilisugue kwa brashi. Waachie wenye vifaa vyake.

Harufu ya choo kwenye chumba kisichotumika si lazima iwe bomba bovu. Huenda maji yanayozuia harufu kwenye mpindo wa bomba chini ya sinki au tundu la sakafuni yamekauka. Mwaga lita moja ya maji, juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia ili yasikauke upesi.

Nyufa nazo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila ufa ulio hai ukiuziba hufunguka pembeni yake. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe na upana, rudi kila mwezi. Usiovuka milimita 1 na usiosogea ni wa kujaza na kusahau. Wa kukatisha mshazari kutoka pembe ya mlango, unaozidi milimita 5 au unaokua, ni wa mhandisi.

Mbao zigonge kwa mpini wa bisibisi ukisikiliza uvungu. Kijia cha udongo cha mchwa kivunje sehemu ndogo tu. Kikiwa kimekarabatiwa baada ya siku chache, wamo. Kwa bungua, fagia unga wote na utandaze karatasi nyeusi chini. Unga mpya ukidondoka wanafanya kazi. Usipodondoka, huenda hayo ni matundu ya zamani.

Mlango unaokwama usikimbilie randa. Kaza bawaba ya juu kwanza. Skrubu ikizunguka bila kushika, jaza tundu vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi, acha ikauke, rudisha skrubu. Bado ukikwama, paka chaki kwenye fremu, funga, ona inapogusa. Ukipiga randa wakati wa mvua, kiangazi kitakupa mwanya.

Ndipo rangi. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978 tu. Basi msasa uwe wa maji, si mkavu, na watoto wakae mbali. Plasta mpya iipe wiki nne. Kabla ya kufungua kopo, bandika tena ile plastiki kwa saa 48: ikiwa na umande nyuma, kopo lirudi stoo.